Kuhamisha duka ndani ya mtaa wa maduka ya hadhi

Kabla ya kumpigia dalali, simama mbele ya fremu ya duka unayoitamani ukiwa na kalamu. Hesabu wapita njia kwa dakika 15, zidisha kwa 4. Rudia saa 5 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, siku ya kazi na Jumamosi. Pembeni weka alama za wanaopunguza mwendo mbele ya kioo, na za waliobeba mifuko ya maduka ya jirani. Hao ndio wateja; wengine huenda wanawahi basi tu. Mitaa mingi ya aina hii ina upande unaouza na upande unaopitwa, kwa sababu ya jua, kivuko au mlango wa maegesho. Pango la pande hizo mbili laweza kukaribiana, mauzo yasikaribiane hata kidogo.

Kisha piga hesabu. Pango na tozo za jengo zikiwa 100 kwa mwezi, na faida ghafi yako (mauzo ukitoa gharama ya kununua bidhaa) ni asilimia 40 ya mauzo, unahitaji mauzo ya 250 kulipia pango peke yake, mishahara bado. Mwenye jengo akitaka pia asilimia ya mauzo, gawanya pango la msingi kwa asilimia hiyo: 100 kwa asilimia 8 ni 1,250. Mauzo yakivuka hapo, anaanza kukukata. Mkataba useme wazi kwamba bidhaa zilizorudishwa na kodi ya mauzo hazimo kwenye hesabu hiyo.

Mkataba wa zamani usome kwanza. Tafuta muda wa notisi na kifungu cha kurudisha fremu ilivyokuwa: dari ya jipsamu na vizuizi ulivyojenga huenda ukatakiwa kuving'oa, la sivyo gharama itakatwa kwenye amana yako. Piga picha kila ukuta.

Kwenye mkataba mpya, gombania muda wa matengenezo usiolipiwa pango, nao uhesabiwe tangu siku unayopewa funguo na umeme ukiwaka, si siku ya kusaini. Hapa ndipo wengi huumia. Michoro hukaa wiki kadhaa ikisubiri idhini ya jengo, kelele zinaruhusiwa usiku tu, na pango linaendelea kukimbia sehemu mbili. Kabati za ukutani zipimwe baada ya plasta kukauka. Sentimita 2 za plasta zinatosha kuifanya kabati igome kuingia.

Dirisha lijaribu mapema. Simama nje saa 8 mchana: ukijiona wewe badala ya mkoba uliopangwa ndani, mwanga wa nje umezishinda taa zako, na kioo cha dirisha kimegeuka cha kujitazamia. Pazia jeusi nyuma ya bidhaa huzidisha tatizo. Weka la rangi nyepesi, na elekeza taa kwenye bidhaa yenyewe kutoka karibu.

Siku ya kuhama, hesabu mali kabla ya kufunga maboksi na tena baada ya kuyafungua. Bima iwe imegusa fremu zote mbili na safari ya katikati. Omba kibao chako kibaki mlango wa zamani kwa mwezi mmoja. Kiandike mshale, idadi ya hatua na jina la jirani yako mpya anayejulikana zaidi. Namba ya jengo haisomwi na mtu.