Kabla Hujalipia Mbizi: Kuchagua Duka na Boti

Watu wengi wakiingia duka la mbizi huangalia maski na mapezi yaliyopangwa ukutani, huuliza bei, hulipa. Mimi kazi hii niliianzia nyuma ya duka, nikijaza mitungi, na ndiko ninakokushauri uanzie. Omba uonyeshwe kompresa, mashine inayosukuma hewa ndani ya mitungi. Duka lisilo na la kuficha litakupeleka bila maneno mengi. Wakikwambia huko wageni hawaingii, sawa, uliza hewa yao ilipimwa lini na maabara ipi, na uione karatasi yenyewe.

Ukifika kwenye kompresa, tafuta bomba linalovuta hewa. Mdomo wake uko wapi, na upepo unatoka upande gani? Nimeshuhudia mdomo huo ukiwa hatua chache tu kutoka jenereta linapotolea moshi, na aliyeuweka hapo hakuona ajabu yoyote. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Huku juu, kiasi kidogo huenda kikakuachia kichwa kuuma tu. Ukishuka mita 30, shinikizo ni mara nne ya lile la juu ya maji, na kiasi kile kile kinakuumiza kana kwamba kimezidishwa mara nne. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 za gesi hiyo katika sehemu milioni moja. Mwulize anayejaza mitungi chujio hubadilishwa baada ya saa ngapi za kazi. Kichwani mwake au kwenye daftari lililoning'inia pale ukutani, jibu lazima lipatikane. Lisipopatikana, aga kwa heshima uondoke.

Mitungi yenyewe inasema umri wake. Kwenye bega la kila mtungi pamegongwa tarehe ya mara ya mwisho ulipojaribiwa kwa shinikizo la maji. Nchi nyingi hudai jaribio hilo kila baada ya miaka 5, na katikati yake ukaguzi wa ndani kwa macho, mara nyingi kila mwaka. Mtungi wa alumini uliozoeleka una ujazo wa lita 11 hivi na hujazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo). Kitu chenye nguvu kiasi hicho huwezi kukiamini kwa sababu kimepakwa rangi mpya. Fungua valvu kidogo unuse. Hewa safi haina harufu wala ladha. Ukisikia mafuta au mpira ulioungua, usiuvae, hata wakuambie kila mtu amezoea.

Kama utakodi vifaa, vijaribu dukani, usingoje boti. Funga regyuleta, kifaa unachopumulia, kwenye mtungi, fungua hewa, kisha vuta pumzi tatu nne za nguvu huku jicho liko kwenye geji. Sindano ikichezacheza kila unapovuta, valvu haikufunguka vizuri au kuna kitu kimeziba njia. Jaribu na kipumulio cha akiba pia. Hicho ndicho husahaulika kwenye matengenezo, na ndicho mwenzako atakachokiomba siku mambo yakiharibika. Jaza jaketi la kuelea hadi limwage hewa ya ziada, uliache limelala ukijaribisha suti. Ukirudi limenywea, linavuja. Kunja mipira ya hewa pale inapoingia kwenye vyuma uone kama ina nyufa. Halafu uliza vifaa vilifanyiwa huduma lini. Watengenezaji wengi hutaka kila mwaka, na fundi mzuri huandika.

Sasa rudi mezani, lakini usiwe na haraka ya kuuliza. Tulia uone kama wao watakuuliza. Wanataka kuona kadi yako ya cheti? Wanataka kujua mara ya mwisho ulipiga mbizi lini, ulifika kina gani, maji yalikuwaje? Mwenye cheti cha kwanza kikomo chake ni mita 18, wa ngazi inayofuata 30, na mbizi za burudani kwa ujumla huishia 40. Wakikuahidi meli iliyozama mita 35 bila kuuliza kadi, wamekwisha kukuonyesha thamani ya maisha yako kwao. Fomu ya afya nayo ni kipimo. Inauliza kuhusu pumu, moyo, kifafa, mapafu, dawa unazotumia. Ukijibu ndiyo mahali fulani, huenda ukahitaji saini ya daktari, na safari ikaahirishwa. Nimewahi kumsikia mhudumu wa duka moja akimwambia mgeni aandike "hapana" kote ili boti isichelewe. Sihitaji kujua kingine kuhusu duka hilo.

Wanaotaka kusoma kozi huniuliza kila mara wachague shirika gani la kutoa vyeti: PADI au SSI? NAUI au CMAS? Kwa cheti cha kwanza tofauti ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 24801-2, kinachoeleza mpiga mbizi wa ngazi hiyo anatakiwa kuweza nini. Tofauti kubwa ni mwalimu. Kwa hiyo usiridhike kuzungumza na mwenye duka, zungumza na yule atakayekuwa nawe majini. Namba yake ya ualimu inaweza kuhakikiwa kwenye shirika lake. Mwulize atakuwa na wanafunzi wangapi. PADI, kwa mfano, huruhusu wanafunzi 8 kwa mwalimu mmoja baharini katika kozi ya kwanza, lakini hicho ni kikomo cha juu, na maji yakiwa machafu au yenye mkondo mwalimu mwenye akili hupunguza. Bei ikiwa ya chini mno kuliko ya majirani, uliza kitabu, boti, vifaa na ada ya cheti viko ndani au vitakuja baadaye.

Boti ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi duka halina boti, linakodi ya mtu mwingine, na hapo jukumu linaweza kupotea katikati. Uliza wazi: nahodha ni wa nani, leseni na bima ya chombo ni ya nani, na nani anahesabu watu?

Hilo la kuhesabu nalisema kwa mkazo. Januari 1998, Wamarekani wawili, Tom na Eileen Lonergan, waliachwa baharini kwenye Great Barrier Reef huko Australia. Boti iliondoka ikidhani wote wamo, na ilichukua siku mbili kabla watu kugundua kuwa hawapo. Hawakuonekana tena. Hesabu nzuri ni ya jina na uso: mtu mmoja ana orodha, anakuita, unaitika mwenyewe kwa sauti yako, anaweka alama. Kuhesabu mitungi si hesabu. Kumwuliza rafiki yako kama upo si hesabu. Kabla hujalipa, uliza wanafanyaje, na siku ya safari tazama kama wanafanya walivyosema.

Kisha omba kuona oksijeni ya dharura. Usikubali kuonyeshwa sanduku kwa mbali, waombe walifungue. Geji inasoma kiasi gani? Maski ipo? Nani kati ya mabaharia amefundishwa kuitumia, na je, inatosha hadi mtakapofikia msaada? Mtu aliyepanda haraka, nitrojeni ikamtokea mwilini kama mapovu, anahitaji oksijeni tangu dakika ile, na huenda akahitaji kutibiwa kwenye chumba cha shinikizo. Nahodha awe anajua kilicho karibu kiko wapi na anapiga simu kwa nani. Awepo pia mtu anayebaki juu anayeweza kuendesha chombo, kwa sababu nimeona nahodha akivaa mtungi na kuruka na wageni. Redio ifanye kazi. Injini iwekwe huru kila mtu anapoingia na kutoka kwenye maji, na ngazi iwe ya kupandika hata bahari ikichafuka.

Kama ni chombo cha kulala, ongeza maswali mawili. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua usiku karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, na watu 34 waliokuwa wamelala chini wakafa. Wachunguzi walilaumu kukosekana kwa mlinzi wa kuzunguka usiku. Kwa hiyo: nani atakuwa macho sisi tukilala? Na njia ya pili ya kutokea iko wapi? Ipite mwenyewe, taa zikiwa zimezimwa ikiwezekana. Betri za taa na kamera zichajiwe mahali penye mtu, kamwe si kitandani.

Kutia nanga juu ya matumbawe ni kosa, ukiliona linakueleza tabia za wahusika. Maoni ya mtandaoni yasome, lakini ruka ya sifa tupu na ya hasira tupu. Tafuta pale mteja alipolalamika jambo la kweli, uone wenye duka walimjibu vipi.

Katika yote, swali ninalolipenda kuliko mengine ni hili: mara ya mwisho mliahirisha safari lini, na kwa nini? Anayejibu papo hapo, kwamba ni wiki iliyopita, upepo ulipanda, wakarudisha pesa, mwekee alama. Anayekwambia hawajawahi, ama hasemi kweli ama huwapeleka watu kwenye bahari yoyote. Angalia na kanuni zao za kurejesha pesa kwa maandishi. Kama wao hupoteza kila safari inapofutwa na hawana utaratibu wowote, siku ya mawimbi watakuambia ni kawaida.

Ukiridhika, lipia siku moja tu, hata kama kifurushi cha siku tano kina punguzo. Sikiliza maelezo kabla ya kuruka: kina cha mwisho, muda, hewa ikibaki kiasi gani mnageuka, kwamba unarudi botini na bari 50 mkononi, na kwamba ukimpoteza mwenzako unatafuta dakika moja kisha unapanda. Angalia kama kiongozi anawaacha nyuma wanaoogelea polepole. Sikiliza pia kama kuna anayekuuliza ndege yako ni saa ngapi, maana baada ya mbizi za siku kadhaa ushauri ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka. Ukirudi nchi kavu, tazama kama vifaa vinaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kisha uamue kuhusu hizo siku nne.