Kupiga Hema Peke Yako Kando ya Ziwa Superior
Anayetaka kusafiri peke yake kwa gari na kulala hemani katika hifadhi za jimbo la Minnesota, Marekani, na aanzie Duluth kisha aifuate barabara ya 61, ambayo huambaa na ufuo wa Ziwa Superior kuelekea mpaka wa Kanada. Nafasi iwekwe mapema, na kibali cha gari hulipiwa mbali na ada ya kambi.

Mimi ningelala kwanza hifadhi ya Gooseberry Falls, halafu ya Split Rock Lighthouse, penye mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1910. Huko, katika kambi ya mikokoteni, gari huachwa maegeshoni na mizigo husukumwa kwa mkokoteni hadi kambini, kwa hiyo asiye na msaidizi apunguze masufuria. Fika kabla ya jua kutua. Turubai la chini lisichomoze nje ya hema, la sivyo litakusanya maji ya mvua na kukulowesha, na vigingi vipigiliwe vikiwa vimelala kidogo, vichwa vikielekea mbali na hema. Chakula, hata dawa ya meno, kifungiwe garini, kwani dubu weusi wapo. Kuni zinunuliwe hukohuko, maana za kutoka mbali hubeba wadudu waharibifu wa miti.