Umerithi santuri za zamani: pa kuanzia

Usiuze, usioshe wala usigawe hata moja kabla hujazipanga kwa ukubwa na kasi. Sahani ya inchi 12 ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ni albamu ya vinili, aina iliyoingia sokoni mwaka 1948. Ndogo ya inchi 7, ya mizunguko 45, ilifuata mwaka 1949. Ukikuta ya inchi 10, nzito na ngumu, imeandikwa 78, kwa kawaida hiyo ni ya sheleki, utomvu mgumu: ikianguka imevunjika. Itenge, na usiipige kwa sindano ya vinili, ambayo ni nyembamba mno kwa michirizi yake.

Chungulia pia tundu la katikati. Ukiona chuma chini ya weusi, huenda ni sahani ambayo sauti ilichongwa moja kwa moja juu yake, nakala pekee duniani, pengine yenye sauti ya mtu wa ukoo. Hiyo usiioshe wala usiipige. Mpelekee fundi wa kunakili sauti za kale.

Uzee peke yake hauleti bei. Bei inatokana na toleo na hali. Toleo utalijua kwa namba ya kwenye lebo na ile iliyochongwa pale palipo laini, kati ya mchirizi wa mwisho na lebo. Zitafute zote mbili kwenye Discogs, tovuti ya orodha na mauzo ya santuri, kisha angalia bei ambazo watu wamenunulia kweli, si zile ambazo wauzaji wanatamani. Mara nyingi albamu iliyouzwa kila mahali ndiyo rahisi, na ya kampuni ndogo isiyojulikana ndiyo inayogombewa.

Kuhusu hali, washa taa moja kali na uinamishe sahani chini yake. Mkwaruzo unaoonekana lakini ukucha hauusikii huwa hausumbui sana. Unaokwaza ukucha utalia au kurusha sindano. Michirizi iliyolika haionekani kirahisi, kwa hiyo sikiliza chache kwa sindano nzima. Sindano iliyochakaa itaziharibu hapo hapo.

Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Ikibidi kuosha vinili, tia matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato katika lita moja ya maji yaliyokenekwa. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa michirizi, lebo isilowe, kisha suuza kwa maji mengine yaliyokenekwa, yasiyo na sabuni. Spiriti usiiguse kwenye 78, kwa sababu huyeyusha sheleki. Zenye ukungu zisafishie nje, umevaa barakoa.

Mfanyabiashara hatakupa bei ya mtandaoni, na hakuonei: naye atasafisha, atahifadhi na kusubiri mteja. Wa kuangaliwa ni yule anayeomba “kuchagua chache tu”. Atabeba kumi nzuri, ubaki na mia zisizotakiwa. Omba bei mbili, ya zote na ya zile nzuri peke yake.

Wakati huo zisimamishe wima, mbali na jua na joto. Zikilazwa kwa rundo zinapinda. Albamu 100 na majalada yake hufika kama kilo 25, kwa hiyo tumia maboksi madogo. Ukituma kwa posta, toa sahani ndani ya jalada na uifungashe nyuma yake, la sivyo itapasua ukingo wa jalada njiani. Zilizokosa mnunuzi zigawe, lakini usizichome: vinili ikiungua hutoa gesi ya tindikali.