Kuifufua Honda CG125 Kuukuu kwa Mbio za Saketi

Anayetaka kuingia mbio za saketi akiwa Nakuru au Kisumu, na hana fedha za pikipiki mpya ya mashindano, ninamshauri atafute Honda CG125 ya zamani. Pikipiki hii ilibuniwa katikati ya miaka ya 1970, baada ya wahandisi wa Honda kuona jinsi pikipiki zilivyobebeshwa mizigo mizito na kukosa matengenezo katika nchi zinazoendelea. Ndiyo sababu valvu zake husukumwa na vijiti vya chuma badala ya kuendeshwa kwa cheni ya ndani. Injini za pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria katika magharibi mwa Kenya zimetokana na muundo huohuo, na kwa hiyo ringi, gasketi, sahani za klachi na kebo hupatikana katika duka lolote la vipuri bila kuagizwa kutoka mbali.

Kabla ya kununua, linganisha namba ya fremu na ile iliyo kwenye hati ya umiliki, kisha uitafute kanuni ya daraja la mashindano unalotaka kuingia na kuisoma yote. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5, jambo linaloipa injini ujazo wa cc 124. Ukiikereza silinda kwa pistoni kubwa ya saizi ya kwanza, yaani milimita 0.25 zaidi, ujazo hufika cc 125.2, na kwa saizi ya pili, ya milimita 0.50, hufika cc 126.3. Ikiwa daraja lako limewekewa mpaka wa cc 125 pasipo nafuu yoyote kwa silinda zilizokerezwa, basi utahitaji silinda ambayo haijawahi kukerezwa. Nimewaona vijana wakimaliza miezi mitatu ya kazi kabla ya kuligundua jambo hili.

Msimamo wangu, ambao mafundi wengi hawaupendi, ni kwamba fedha za kwanza ziende kwenye fremu, breki na matairi, na kwamba nguvu ya injini ishughulikiwe mwisho. Pikipiki yenye nguvu ndogo kiasi hiki hupata muda wake katika kona: kila kilomita ya mwendo unayoipoteza kwa sababu tairi halishiki au mkono wa nyuma, ule unaoshikilia gurudumu la nyuma, umepwaya, injini haina uwezo wa kukurudishia haraka.

Fremu na magurudumu

Vua kila kitu mpaka fremu ibaki tupu, uioshe kwa petroli na brashi, kisha utafute nyufa. Njia rahisi ni kupaka mafuta ya taa kwenye maungio yote yaliyochomelewa, hasa karibu na shingo ya usukani na mahali mkono wa nyuma unaposhikilia, kuyaacha kwa nusu saa, kuyafuta kabisa, na kupaka unga wa chaki nyeupe. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatajitokeza na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Fremu iliyotumika kwenye bodaboda mara nyingi huwa imechomelewa tena chini ya kiti. Kama weldi hiyo ni mbaya, ikate na kuirudia badala ya kuongeza chuma juu yake.

Badilisha bushi za mkono wa nyuma hata kama zinaonekana nzima. Katika shingo ya usukani, toa gololi na uweke beringi za rola zenye umbo la koni, kwa kuwa hizo hukaza vizuri na hazichimbi vishimo njiani mwake. Baada ya kurudisha magurudumu, vuta uzi mrefu kutoka tairi la nyuma hadi la mbele pande zote mbili ili uone kama yote mawili yako katika mstari mmoja. Usiziamini alama za kurekebishia cheni zilizochorwa kwenye mkono wa nyuma, kwa maana katika pikipiki ya miaka mingi zinaweza kuwa zimepinda pamoja na chuma chenyewe.

Foku za mbele humwaga mafuta karibu kila mara. Badilisha sili, uweke mafuta mazito kidogo kuliko ya kawaida, ya daraja la 15 au 20, na kiasi kilekile katika kila mguu. Kisha mwombe mwenzako akushikie pikipiki ukiwa umeikalia katika mkao wa mbio, upime foku zimeshuka kiasi gani ikilinganishwa na zinapoachwa huru bila uzito wowote. Kwenye saketi ninapenda kiasi cha milimita 30. Zikishuka zaidi ya hapo, kata vipande viwili sawa vya bomba gumu la plastiki la maji, uviweke juu ya springi ndani ya foku, na upime tena.

Breki za ngoma zinatosha zikitengenezwa kwa uangalifu. Lowesha vumbi la ndani kwa maji yenye sabuni na ulifute. Usilipulize kwa hewa, kwa sababu vitambaa vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Kereza ngoma kidogo tu iwe duara kamili, weka vitambaa vipya, na upunguze kwa tupa ukingo wa mbele wa kila kiatu ili breki isikamate ghafla. Pembe kati ya kebo na mkono wa breki isizidi nyuzi 90 breki inapokuwa imekaza kabisa, kwa kuwa ikipita hapo nguvu ya vidole vyako inapotea bure.

Kuhusu matairi, angalia tarakimu nne za mwisho zilizo ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka mingi juani limekuwa gumu, hata kama vinyweleo vyake bado vipo.

Injini

Fungua injini ikiwa baridi na uiweke kila sehemu katika chombo chake. Shika mkono wa pistoni na ujaribu kuuvuta juu na kuusukuma chini: usisogee hata kidogo. Kusogea kidogo kwenda ubavuni ni sawa, lakini ukisikia mgongano wa juu na chini, krankshafti inahitaji kutengenezwa kabla ya kazi nyingine yoyote, na hapo hakuna njia ya mkato. Pima silinda kwa maikromita ya ndani katika vimo vitatu na pande mbili, juu, katikati na chini, kwa maana silinda huchakaa zaidi sehemu ya juu, pale ringi zinapogeukia. Katika mitaa ya mafundi ya Nakuru wapo wakerezaji wazuri, ila wengi watakuuliza tu saizi ya pistoni; mpelekee pistoni yenyewe, umweleze kwamba unataka nafasi ya milimita 0.04 kati yake na silinda, na usimame hapo mpaka apime.

Nafasi ya ncha za ringi niliyoizoea ni milimita 0.20 hadi 0.25. Iingize ringi silindani, uisawazishe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, kisha upime kwa geji ya bapa, yaani vijibamba vyembamba vya unene unaojulikana. Ikiwa ndogo mno, ringi itakapopata joto ncha zitagongana na kuvunjika.

Saga valvu kwa unga wa kusagia, zioshe, na ujaribu kazi yako kwa kumimina petroli kwenye tundu la kuingizia hewa na la kutolea moshi. Kama hakuna tone linalovuja kwenye chumba cha mwako baada ya dakika tano, kichwa cha silinda kiko tayari. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.08 kwa zote mbili.

Sasa mgandamizo, yaani ni mara ngapi hewa na petroli hubanwa pistoni inapopanda. Kwa mgandamizo wa 9 kwa 1, injini ya cc 124 ina chumba cha mwako cha cc 15.5. Ukipunguza kimo cha bloku ya silinda kwa milimita 0.35, na kwa kuwa eneo la tundu la silinda ni sentimita mraba 25 hivi, unaondoa takriban cc 0.9 na mgandamizo unafika 9.5 kwa 1. Huko ndiko ninakoishia. Wapo wanaokwenda 10 kwa 1 na zaidi, lakini kwa pistoni ya kawaida na petroli ya kituo sioni faida inayolingana na hatari. Pima chumba chako mwenyewe kwa bomba la sindano la maabara na mafuta mepesi, bila kutegemea nambari za kitabu, na kabla ya kufunga injini weka udongo wa kuchezea wa watoto juu ya pistoni, uizungushe injini mara mbili kwa mkono, kisha ufungue na kuukata udongo huo kwa wembe. Pasiwe mahali ambapo udongo ni mwembamba kuliko milimita 1.5 chini ya valvu. Kumbuka pia kwamba bloku ikipunguzwa, vijiti vya valvu huwa virefu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ile nafasi ya 0.08 lazima irekebishwe upya.

Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze kwa kuwa klachi hii huogelea ndani ya oili ileile ya injini.

Katika gia, badilisha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, badala ya kuigusa gia yenyewe. Jino moja mbele ni sawa na meno matatu hivi nyuma: kutoka 14 hadi 15 mbele kunabadilisha uwiano kwa asilimia 7, sawasawa na kutoka 45 hadi 42 nyuma.

Ukaguzi

Wakaguzi wa mbio hutafuta vitu vinavyoweza kudondoka au kumwaga mafuta njiani. Toa taa, vioo, stendi na kiti cha mizigo. Toboa vichwa vya bolti ya kumwagia oili na kifuniko cha kujazia, uvifunge kwa waya wa chuma kisichoshika kutu wenye unene wa milimita 0.7, ukiuvuta kuelekea upande wa kukaza. Mpira wa kupumulia injini uingie kwenye chupa iliyofungwa imara. Ncha za mikono ya breki na klachi ziwe na vifundo vya mviringo, na akseli ya mafuta ijifunge yenyewe mara unapoiachilia.

Kabureta na mwinuko

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yake ina uzito wa asilimia 83 hivi ya ile ya Mombasa. Kisumu, iliyo kando ya ziwa kwenye mita 1,130, hufikia asilimia 90. Hewa ikiwa nyepesi, jeti ileile, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, humwaga petroli nyingi kupita kiasi. Jeti kuu ya 100 inayofaa pwani itakaribia 95 Nakuru, na kati ya 97 na 98 Kisumu. Nambari hizi ni za kuanzia tu. Anza na jeti kubwa kuliko unavyodhani, endesha kwa akseli iliyofunguliwa yote hadi mwisho wa njia iliyonyooka, vuta klachi na uzime injini papo hapo, kisha utoe plagi: rangi ya kahawia ya biskuti ni nzuri, weusi wenye masizi ni petroli nyingi, na weupe ni petroli kidogo mno, onyo la kusimama.

Injini yangu ya kwanza niliiharibu kwa sababu hii. Nilikuwa nimeishusha jeti hatua kwa hatua Nakuru mpaka ukingoni kabisa, ikawa inakimbia vizuri, nikaipakia kwenye pikapu na kuishusha Kisumu siku yenye joto kali bila kubadilisha chochote. Hewa nzito ya ziwani ilidai petroli ambayo jeti ile haikuweza kuitoa, na katika mzunguko wa sita pistoni ilishika silindani na gurudumu la nyuma likafunga. Niliponea chupuchupu kwa sababu vidole vilikuwa tayari kwenye klachi. Tangu wakati huo, kila jeti yangu imo katika mfuko wake mdogo wenye jina la mji, mwinuko na rangi ya plagi niliyoiona, na ile ya Kisumu huingia kwenye kabureta kabla pikipiki haijapanda gari.