Somo: Kutambua msambu dume na msambu jike kabla ya kushika panga

Msambu, au mkanyi kama wengi wanavyouita (kitaalamu Allanblackia stuhlmannii), ni mti wa Tanzania peke yake. Kwa asili hauoti kwingine duniani ila katika misitu ya mvua ya Milima ya Tao la Mashariki, na sisi wa Usambara Mashariki tunao hadi mashambani, juu ya iliki na mdalasini. Naandika somo hili kwa sababu misambu "isiyozaa" inakatwa, ilhali mingi ni mizima kabisa. Ni madume.

Hatua ya 1: Hakikisha ni msambu. Tafuta shina lililonyooka, matawi yanayoinamia chini, na majani ya kijani kilichokolea, magumu kama ngozi, yasiyo na meno pembeni. Majani hukaa mawili mawili yakikabiliana kwenye kijiti, na mti haupukutishi yote kwa pamoja. Unaweza kupita mita 30 kwenda juu. Tunda likiwepo, huna haja ya kubahatisha: ni la kahawia, linaning'inia, na urefu wake hufika sentimeta 34. Ni miti michache sana ya misitu ya Afrika yenye tunda kubwa hivyo.

Hatua ya 2: Soma ua. Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo usiharakishe. Msambu ni kama mpapai: maua ya kiume yako mti wake, ya kike mti wake. Wakati wa maua usihangaike kupanda, okota yaliyoanguka chini. Ua lina petali (majani ya ua) tano nene. La kiume lina mafungu matano ya stameni (vijiti vya kiume vya ua) yaliyojaa chavua, yaani unga wa ua, kila fungu limeikabili petali yake. La kike lina ovari nene (sehemu inayokuja kuwa tunda) katikati, na mafungu hayo yamedumaa. Okota maua kadhaa chini ya mti huohuo, maana upepo huchanganya ya jirani. Ukishajua jinsia, funga kitambaa au piga alama ya rangi kwenye shina, ili hata kijana atakayetumwa kusafisha shamba ajue.

Hatua ya 3: Acha madume. Bila chavua, jike halizai tunda. Ukikata dume lako, unapunguza mavuno yako na ya jirani. Kama kivuli kimezidi, punguza matawi ya chini tu.

Hatua ya 4: Okota, usiangue. Tunda lililoiva huanguka lenyewe. Wahi asubuhi, kwa kuwa panya buku naye anazitaka mbegu. Ila usimchukie: huzibeba na kuzifukia, na anazozisahau ndizo huota msituni. Bakiza matunda machache chini ya kila jike.

Hatua ya 5: Otesha. Lundika matunda kivulini, uyafunike kwa majani hadi yalainike, kisha kamua mbegu kwa mkono na uzioshe ute wake. Menya ganda gumu taratibu bila kujeruhi kiini, maana ganda hilo ndilo huchelewesha uotaji. Zipande kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Kuwa na subira ya kweli: miezi ni kawaida, na nyingine hupita mwaka. Mche ukipata majani, uhamishie kwenye kiriba, yaani mfuko wa udongo wa kukuzia miche.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mbegu nilizokwisha kuanika kwa ajili ya mafuta, naweza kuzipanda?*

Marahaba. Hapana, mwanangu. Mbegu ya msambu ikikauka inakufa. Zilizoanikwa peleka kwenye kinu, za kupanda zitunze na unyevu tangu siku ya kuokota.

*Mche mdogo nitaujuaje kama ni dume?*

Kwa macho huwezi, mpaka utoe maua, na mti wa mbegu huchukua miaka mingi. Njia ya uhakika ni kubebesha, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye mche mwingine: chukua kikonyo kutoka jike unalolijua kwa uzazi mzuri, ukibebeshe kwenye mche. Kitakachoota ni jike, na huwahi kuzaa kuliko mti wa mbegu. Lakini kitalu kizima kisiwe cha majike. Bebesha na madume machache, uyatawanye shambani.

*Kwa nini mafuta yake huganda hata bila friji? Nilidhani yameharibika.*

Hayajaharibika. Karibu yote ni asidi mbili za mafuta, ya steariki na ya oleiki, na hiyo ya steariki ndiyo huyafanya yagande kwenye joto la kawaida la nyumba. Ndiyo maana viwanda vya siagi ya mimea na sabuni vimeyataka, na Umoja wa Ulaya uliyaruhusu kwenye vyakula mwaka 2008. Bibi zetu walikuwa wakiyapikia na kuchulia viungo vinavyouma zamani sana kabla ya hapo.

*Niko Kivu. Huku kuna mti unaofanana sana na huo. Ndio huo huo?*

Ni ndugu yake. Jenasi hii ina spishi zipatazo tisa, zote za Afrika, na mmojawapo, Allanblackia kimbiliensis, uko mashariki mwa Kongo na Uganda. Nao una dume na jike, kwa hiyo hatua ya 2 na ya 3 zifuate vilevile. Ukipata ua, lipige picha likiwa limepasuliwa katikati, uitume hapa tulitazame pamoja.