Kufuga kuku wa kienyeji kwa kibanda cha kuhamisha, hatua kwa hatua

Wifi yangu kaanza kufuga juzijuzi hapa Mvomero na kila jioni ananipigia simu na swali jipya, sasa nimeona bora niandike yote hapa na wengine mchukue. Naongelea kuku wanaokula majani na wadudu shambani, hawa wa kufungiwa ndani mwaka mzima sina habari nao.

1. Kibanda

Mita 3 kwa 2, kuku 15 hivi. Mianzi, bati moja upande wa kulala, chini wazi. Fundi atakwambia uweke matairi, kataa, yanaacha upenyo nguchiro anapita. Weka magogo mawili ya kuburuzia. Wavu nunua wa matundu madogo hata kama bei imechangamka, ule mpana kicheche anaingiza mkono usiku.

2. Kuhamisha

Kila asubuhi kabla hujamwaga pumba. Wakiwa na njaa wanatembea wenyewe kufuata chakula.

3. Chanjo ya kideri

Hapa sasa tulia, maana watu wanajenga banda zuri halafu kiangazi kideri kinapita kinafagia kuku wote (wengine mnaita mdondo, ndo huohuo). Ugonjwa huu hauna dawa. Vitunguu swaumu, pilipili, shubiri, wape ukipenda ila havizuii kideri.

Mimi natumia ya matone ya jicho, I-2, inayotengenezwa Kibaha kwa jina la TEMEVAC. Inavumilia joto kuliko nyingine ndo maana inafaa vijijini kwetu, lakini kuvumilia sio kuiacha dashibodi ya bodaboda juani, ifunge kwenye kitambaa kibichi au uibebe na barafu. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko ulionao, kwahiyo changishaneni na majirani mchanje siku moja, ukichanja wako tu wa jirani wakaugua kijiji kizima kinabaki na ugonjwa.

Fanya alfajiri au usiku wakiwa wamelala, mchana utakimbizana nao shamba zima. Mmoja anashika, mmoja anadondosha. Laza kichwa cha kuku ubavu, kichupa kisimame wima mdomo ukiangalia chini kisiguse jicho, tone moja jicho moja, halafu SUBIRI apepese. Asipopepesa tone limemwagika, rudia. Watoto wanaoshika tochi wataharakisha wakalale, usiwasikilize. Chanja wote, jogoo, mitetea, na vifaranga pia, kipimo ni kilekile.

Sasa yale yanayoharibu. Kuku ambaye tayari anaumwa usimchanje ukitegemea atapona. Kideri kikishaingia bandani umechelewa, tena mikono yako na nguo zako ndo zinakipeleka kwa kuku wazima. Kinga inahitaji kama wiki mbili kujengeka, kwahiyo usichanje leo ukaleta kuku wa mnadani kesho, na huyo wa mnadani mtenge kwanza. Halafu rudia kila miezi 3 mpaka 4, hapa ndo wengi wanaachia njiani maana kuku wanaonekana wazima wa afya. Andika tarehe ukutani kwa mkaa.

Kuna ya kuchanganya kwenye maji, siipendi. Mmoja anakunywa sana mwingine hata hasogei, na maji ya bomba yenye klorini yanaua chanjo.

4. Chakula

Pumba, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo. Dagaa wakizidi mayai yananuka. Wa mayai waongezee chokaa ya mifugo.

5. Bustani nyuma ya kibanda

Kinyesi kibichi cha kuku ni kikali, kinaunguza miche. Kibanda kikishapita acha wiki mbili tatu, changanya na udongo, mwagilia, ndo upande mahindi au maboga. Nyanya na vitu vya kachumbari vinavyoliwa vibichi mimi sivitoi hapo mpaka ipite miezi minne tangu kuku waondoke, kinyesi kina vijidudu vya kuharisha.