Jinsi ya Kusoma Uwiano wa Ukuzaji Katika Maelezo ya Lenzi

Hapa Kisumu, wanaoanza kupiga picha za vitu vidogo huelezwa uwiano wa ukuzaji kwa omena mmoja mkavu mwenye urefu wa milimita 54. Uwiano huo ni ile namba iliyoandikwa 1:1, 1:4 au 0.25x katika maelezo ya lenzi, nayo hulinganisha ukubwa wa taswira inayoangukia kwenye sensa (kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga) na ukubwa wa kitu chenyewe. Ukimpiga omena huyo kwa 1:2, taswira yake huwa milimita 27, na kwa kuwa sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36, atajaza robo tatu ya upana wa picha. Kwa 1:4 atachukua milimita 13.5 tu. Kwa 1:1 hatoshei, kwani kichwa kikiingia mkia hubaki nje. Lakini ukitaka jicho na magamba yake, huo ndio uwiano wa kutafuta.

Kamera yenye sensa ndogo, ya upana wa milimita 24 hivi, haibadilishi uwiano wa lenzi. Taswira kwa 1:2 hubaki milimita 27, ila sasa omena anazidi fremu, na ndiyo sababu watu hudhani lenzi imekuza zaidi.

Namba inayotajwa ni ya juu kabisa, nayo hupatikana kwa umbali mfupi kabisa wa fokasi peke yake, yaani karibu kabisa ambapo lenzi bado hutoa picha iliyo wazi, tena kwa lenzi za zumu mara nyingi kwa urefu mmoja tu wa fokasi. Umbali huo hupimwa kutoka kwenye sensa, wala si kutoka kwenye kioo cha mbele. Canon EF 100mm f/2.8L Macro hufikia 1:1 kwa sentimita 30, lakini kati ya kioo chake na omena hubaki takriban sentimita 13, na katika nafasi hiyo ni rahisi kivuli cha lenzi kumfunika omena.

Neno "Macro" lililochapishwa kwenye lenzi lisikutoshe, kwa maana zipo zumu zinazolibeba ilhali hazivuki 1:4. Ukiwa dukani bila karatasi ya maelezo, omba rula: zima fokasi ya kujiendesha, zungusha pete hadi umbali mfupi kabisa, sogeza kamera mbele na nyuma mpaka mistari ionekane wazi, kisha upige picha. Gawanya upana wa sensa kwa milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Ukihesabu 144 kwenye fremu kamili, lenzi hiyo ni ya 0.25x.

Mwenye lenzi ya kawaida ya milimita 50 yenye 0.21x anaweza kuifungia mrija wa kurefusha wa milimita 25, yaani bomba tupu linalokaa kati ya lenzi na kamera. Gawanya 25 kwa 50, uongeze 0.5 inayopatikana kwenye ile 0.21, nawe utafikia takriban 0.7x, ambapo fremu hubeba milimita 51: omena wetu karibu mzima, isipokuwa ncha ya mkia.